Baba, Nimesajili Mzee

Baba,

Shikamoo. Ukae vizuri kwanza, maana habari hii ukiipokea umesimama utatafuta mahali pa kushika. Nimesajili mzee. Mimi, Regina wako, niliyekaa nawe kwenye benchi la Viboko wa Bonga tangu nilipokuwa nabeba chupa za maji, nimesajili beki anayekaribia miaka arobaini, asiye na timu, anayefunga goti bandeji kabla hajavaa soksi. Tena nimemsajili katika msimu ambao tunajenga timu upya. Kosa lile lile ulilokuwa ukiligombeza mbele ya redio kila Jumamosi.

Nakusikia kabisa. "Regina, nani kakuroga?"

Hakuna aliyeniroga, Baba. Nipe nafasi nieleze. Safari hii huwezi kunikatiza.

Unakumbuka tulivyokuwa tukibishana? Mtangazaji anasema timu fulani imeuza vijana wake, sasa imemchukua mshambuliaji mkongwe aliyemaliza mkataba, na wewe unaweka kikombe chini. "Wanajenga nyumba kwa matofali ya nyumba iliyobomoka!" Mimi nakujibu kwamba matofali mengine bado mazima. Unakasirika kwa furaha, unavuta kiti karibu. "Mzee anakula namba ya kijana. Akiondoka, anakuacha huna mzee, huna kijana." Nami nakuuliza hao vijana watajifunza kwa nani. Hapo ndipo ulipokuwa ukinimaliza, unajipiga kifua: "Kwa kocha! Mimi nipo kwa kazi gani?" Na Mama, bila kuinua macho kwenye ungo wake wa mbaazi, anatuambia tunywe chai, inapoa.

Hoja yako ilikuwa nzuri, Baba. Ilikuwa na tundu moja tu. Ilitaka wewe uwepo.

Tulipokuzika, timu nzima ilikuja na jezi, hilo umelijua au utakuwa umeambiwa huko. Ila baada ya pale waliondoka mmoja mmoja. Nahodha alipata kazi Dodoma. Wengine walihamia timu ya Singe. Wengine walisema tu kwamba hawawezi kuingia uwanjani na wewe hupo pale pembeni unamtukana refa kwa Kiiraqw ili asielewe. (Ile siku uliyokutana na refa wa kutoka Mbulu, aliyekijua Kiiraqw kuliko wewe, bado inasimuliwa. Kijana wetu Emanueli huigiza uso wako ulipogundua.) Wakabaki vijana watupu, wengi hawajaota hata ndevu. Mwenyekiti, Mzee Safari, alikuja dukani kwangu, akasubiri nimalize kumpimia mteja mbegu za mahindi, akasema: "Regina, cheti cha ukocha unacho na sauti ya baba yako unayo. Chukua timu."

Nikachukua. Nikafungwa.

Baba, tulifungwa na kila mtu. Tulifungwa nyumbani na ugenini. Uwanja mmoja kocha wa wenyeji alinipa mkono kwa heshima akaniuliza kocha wetu yuko wapi, alidhani mimi ni wa huduma ya kwanza, na baada ya mechi ile nilitamani kweli ningekuwa wa huduma ya kwanza. Si kwamba vijana hawajui mpira. Paskali anakimbia kuliko pikipiki ya mjomba. Emanueli ana mguu wa kushoto ambao ungeulilia. Lakini tukifungwa goli moja, wanapotea. Wanatazamana kama watu waliosahau mlango ulipo. Nami napiga kelele pembeni, na sauti ninayo kweli, ila sauti ya pembeni haifiki pale mtu anapoogopa. Yako ilikuwa inafika. Sijui ulifanyaje. Nimejaribu kusimama vile vile ulivyosimama, mikono kiunoni, na bado haifiki.

Na Mama aliacha kabisa kuja. Unajua Mama hakuwahi kuelewa nani anacheza upande gani. Alikuwa anakuja na mwavuli wake kukutazama wewe. Sasa hata njia ya uwanjani alikuwa haipiti. Akienda sokoni alizunguka kwa barabara kubwa, kwenye vumbi la malori, asiuone uwanja.

Basi kamati ikaamua kunisaidia. Wakaniletea Zakayo.

Hapa utacheka, Baba, na nakuruhusu, maana Zakayo ni ushahidi wako. Zakayo yule mshambuliaji aliyetoka Babati akacheza timu kubwa, ambaye picha yake ilikuwa kwa vinyozi wote wa mjini. Amemaliza mkataba, yuko huru, Mzee Safari akaona ameokota dhahabu. Alikuja mazoezini siku ya kwanza kwa gari la kukodi. Kabla hajasalimia mtu, aliuliza jezi namba kumi ni ya nani. Ilikuwa ya Emanueli. Emanueli akaivua pale pale, akampa, na akabaki kifua wazi kwenye upepo ule wa jioni unaoshuka mlima Kwaraa.

Zakayo hakukimbia. Alisimama karibu na goli la wenzetu, anainua mkono aletewe mpira, na usipomfikia anawageukia vijana: "Nyinyi mnajua mimi nimecheza wapi?" Mwanzoni walikuwa wanaomba radhi. Baadaye wakaanza kuuogopa mpira wenyewe, wanampasia yeye hata akiwa amezungukwa na watu. Tukafungwa zaidi. Mzee Safari alinisihi nivumilie, jina kubwa linachelewa kuwaka. Nilivumilia mpaka mechi aliyotoka uwanjani mwenyewe, kipindi cha kwanza, eti nyasi ni ndefu. Baba, nyasi! Uwanja wa Bonga! Mbuzi wa jirani wangefurahi kusikia. Nikamwambia jezi aiache juu ya benchi. Jioni ile nilitembea nyumbani nikikuambia kwa sauti, njia nzima: umeshinda, Baba, umeshinda, sitabishana tena.

Ndipo akaja Idrisa.

Idrisa ni mtoto wa yule mzee wa vitambaa pale karibu na soko, mwenye duka la mlango wa bluu. Aliondoka kijana mdogo kwenda kucheza pwani na kanda ya ziwa, timu nyingi, hakuna hata moja ya kujivunia sana, na picha yake haikuwahi kubandikwa kwa kinyozi. Baba yake alipozeeka akarudi kushika duka, na mkewe na watoto. Hakuna timu iliyompigia simu tena. Alikuja uwanjani Ijumaa moja baada ya swala, amevaa kanzu yake, akasimama nyuma ya goli akatazama mazoezi yetu mpaka mwisho. Kisha akanijia. "Kocha, shamba la watu siwezi kuliingilia. Lakini nikiruhusiwa, naomba nikimbie kimbie na vijana. Nyumbani nimekuwa mkali bila sababu, mke wangu amenifukuza."

Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka uwanjani pale tangu uondoke.

Jumatatu akaja na njumu zilizoshonwa kwa uzi wa duka lake. Vijana wakampokea vibaya, unawajua. "Babu, mkongojo umeusahau?" Akawajibu kwamba ameuficha porini ataufuata akichoka. Akaenda mwisho wa mstari, akakimbia, akaachwa mbali, akafika anacheka na kuhema. Halafu tulipogawana kucheza, nikamweka nyuma katikati, na Baba, nikasikia kitu ambacho nilikuwa sijakisikia tangu uondoke. Nikasikia mtu anaongea. Si kugomba, kuongea. "Kushoto kwako, mdogo wangu. Tulia. Muache aje, haendi popote. Safi. Sasa toa." Mpira mzima. Kama dereva anayezungumza na abiria kwenye mteremko.

Nikaelewa hapo hapo jibu nililokuwa nalikosa tulipobishana. Uliniambia vijana watajifunza kwa kocha. Lakini kocha hayumo ndani ya mstari, Baba. Wewe ulikuwa na sauti inayoingia. Mimi nilihitaji kuazima ya mtu.

Nikamsajili. Lakini nilimpa sharti ambalo ungempa wewe. Nilimwambia mbele ya wote: siku kijana akikuzidi, utakaa benchi, na hutanuna. Akacheka, akanipa mkono. "Siku hiyo nitampigia makofi."

Kuanzia hapo mambo yakabadilika taratibu. Mechi na Singe tulifungwa goli la mapema, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyepotea. Idrisa alichukua mpira nyavuni, akautembeza mpaka katikati huku akiongea na kila aliyempita, mmoja mmoja, kama mtu anayesalimia msibani. Tukasawazisha. Wiki nyingine tukashinda. Emanueli, ambaye jezi yake ya namba kumi nilimrudishia mimi mwenyewe, alianza kufunga. Waendesha bodaboda wa barabara ya Dodoma wakaanza kusimamisha kazi Jumapili jioni. Walikuwa wakiimba jina moja tu: Idrisa.

Na hapo, Baba, ukarudi. Kwa sababu kulikuwa na mtoto wa watu benchi. Paskali, beki yule anayekimbia, ndiye aliyekaa ili Idrisa acheze. Hakulalamika. Alikaa karibu yangu akifuata kila hatua ya yule mzee kwa macho, midomo yake inatembea, anarudia maneno kimyakimya. Mazoezini alikuwa anafika wa kwanza. Mwezi wa mwisho wa ligi nikaona alichokiona kila mwenye macho: alikuwa anampita Idrisa kwa kasi, hilo la kawaida, lakini sasa alikuwa pia anaongea. "Kushoto kwako. Tulia. Muache aje." Sauti bado ya kubalehe, inakwaruza, lakini wenzake wanageuka.

Ikabaki mechi moja, dhidi ya timu ya kutoka Magugu. Sare ingetubakiza. Kufungwa kungetushusha daraja, na unajua timu ya mtaa ikishuka hairudi, inakuwa jezi za kulimia. Washambuliaji wa Magugu ni wepesi kama swala. Jumamosi baada ya mazoezi nikamwita Idrisa pembeni nikamwambia kesho anaanza Paskali.

Hakupiga makofi.

Alifungua bandeji ya goti polepole, akaikunja. Akasema: "Kocha, watoto wangu wanakuja kesho. Hawajawahi kuniona nikicheza. Huko kote nilikocheza walikuwa wadogo, au walikuwa mbali." Kisha akaondoka bila kuniaga, yeye mwenye kuaga mpaka mbuzi.

Jioni hiyo Mzee Safari alikuja nyumbani. Alikuwa ameshasikia. "Regina, usituletee maajabu siku ya mwisho." Mama alikuwa pale anakoroga uji, akasikia yote. Mzee Safari alipoondoka, nilivuta kigoda karibu na jiko. Nikamwuliza Mama, Baba angefanyaje? Sikutegemea jibu, kwake mpira ni watu wanaochafua soksi. Akasema, "Baba yako angempanga yule mtoto, halafu asingelala." Akanipa uji. "Kunywa, kisha wewe ulale."

Jumapili uwanja ulijaa mpaka kwenye miti. Walipoona Idrisa yuko benchi, walianza: "I-dri-sa! I-dri-sa!" Alikuwa amekaa mwisho kabisa wa benchi, hanitazami. Watoto wake watatu walikuwa wamekaa upande wa pili na mama yao, wamevaa nguo za Idi.

Paskali alicheza, Baba. Alicheza kama mtu aliyefunguliwa kamba. Aliwafuata wale swala wa Magugu na kuwapokonya mpira kistaarabu, anaongea muda wote. Kipindi cha kwanza bila kwa bila. Niliona hata Mzee Safari anaanza kukaa sawasawa kwenye kiti.

Halafu kipindi cha pili, mpira wa kawaida kabisa, Paskali akateleza. Vumbi, mguu ukaenda zake. Mtu wa Magugu akabaki na kipa, goli. Paskali akakaa chini akafunika uso kwa jezi. Nikawaona vijana wangu wanaanza kutazamana, ule mtazamo wa kusahau mlango.

Kabla sijafungua mdomo, Idrisa, ambaye hakuwa amenisemesha tangu jana yake, alikuwa ameshakimbia kwenye mstari na goti lake lisilofungwa. "Paskali! Inuka! Mimi niliteleza hivyo hivyo mbele ya uwanja uliojaa, na asubuhi nikanywa chai na vitumbua! Inuka, mdogo wangu, tuko nawe!" Refa akaja kumwonya arudi kukaa. Paskali akainuka. Akajipangusa. Akaanza kuwapanga wenzake.

Nikamwambia Idrisa avue koti. Akaniuliza, na uso wake ulikuwa mgumu: "Nimtoe mtoto?" Nikasema hapana. Nilimtoa kiungo aliyechoka. "Unakaa mbele yake. Mlilinde goli pamoja." Ndipo akatabasamu, Baba. Akaingia, na watoto wake wakasimama juu ya viti vya watu.

Tulishambulia mpaka nikaishiwa sauti. Jua likawa chini. Zikabaki dakika chache na tukapata kona. Kila mtu akapanda, na Paskali naye akaanza kupanda, akaliacha goli letu wazi. Idrisa, aliyekuwa tayari mbele ya goli lao, akamwona. Akageuka nyuma, mgongo wake kwa mpira, mikono juu, anapiga kelele: "Rudi! Paskali, rudi nyuma! Nani amebaki?" Emanueli alikuwa ameshapiga kona. Mpira ukaja na ule mguu wa kushoto, ukamgonga Idrisa kisogoni, paa, ukapaa juu ya kipa wao na ukaingia.

Baba, hakujua! Aliendelea kumgombeza Paskali. Alikuwa anashika kichwa anauliza nani kampiga. Vijana wakamwangukia wote, na chini ya lile rundo nikasikia sauti yake: "Imeingia wapi? Imeingia wapi?"

Nikaruka. Nikageuka kushoto kukukumbatia.

Palikuwa na ndoo ya maji.

Nikasimama hivyo, mikono wazi, sijui niifanyie nini. Na nyuma yangu vikapanda vigelegele ambavyo ningevitambua hata usingizini. Mama. Mama na mwavuli wake, amesimama pale pale alipokuwa akisimama, anapiga vigelegele mpaka kitenge kinamvuka. Sijui alifika saa ngapi. Hakuniambia na sikumwuliza. Akanishika mkono ule uliobaki hewani, akauliza kwa sauti kubwa ili watu wote wasikie: "Ni sisi tumefunga, au wao?"

Ni sisi, Mama. Nikacheka nikalia, sikujua kipi ni kipi.

Filimbi ikapigwa. Tumebaki darajani.

Sasa mjini hakuna amani. Mzee Safari anazunguka akisema ndiyo maana timu inayojengwa inahitaji wakongwe. Vijana wanasema mechi iliokolewa na Paskali, kwa sababu asingepanda Idrisa asingegeuka, kwa hiyo goli ni lake nusu. Mtoto mdogo wa Idrisa alimwuliza baba yake nyumbani kwa nini alikuwa hatazami mpira, na Idrisa amekuwa akinisimulia hilo kila akija dukani kununua mbegu za mchicha ambazo najua hazipandi.

Na wewe? Nimejaribu kukupigia hesabu ya ushindi, mimi na wewe, na imenishinda. Zakayo na Idrisa umri wao ni mmoja. Mmoja alikuja kutafuta jezi, mwingine alikuja kutafuta mahali pa kukimbia, na kwa karatasi usingewatofautisha. Kwa hiyo bado naamini timu changa inaweza kumchukua mzee aliyeachwa. Lakini bila sauti yako kichwani ningemwacha Paskali benchi mpaka aoze, kwa kuwa tulikuwa tunashinda na uwanja ulikuwa unaimba. Hilo la kumkalisha mzee unayempenda ndilo gumu. Kumsajili ni rahisi.

Wiki iliyopita Idrisa aliniomba msimu mmoja tena. Kamati imeshasema ndiyo. Mimi nilimwambia aje Jumatatu ampokonye Paskali namba kama anaweza. Paskali alikuwa amesimama pale, akasema, "Karibu, Babu." Wakaanza kusukumana kama watoto.

Wewe pumzika, Baba. Nakuahidi hakuna mtu atakayevaa jezi ya Viboko kwa sababu ya jina lake, wala kwa sababu ya umri wake, uwe mdogo au mkubwa. Ataivaa kwa alichofanya wiki ile. Nakuahidi na nyasi zitakatwa, siku zikiota. Mbaazi zikishavunwa tutakuja mimi na Mama kusafisha kaburi na kukaa nawe mchana mzima, naye ameshasema atakueleza lile goli yeye mwenyewe. Usimrekebishe akikosea timu.

Lala salama. Na ukisikia makelele upande wa uwanjani Jumapili jioni, usishtuke. Ni sisi.

Mwanao,
Regina